Kulala nje Kariakoo kulinigharimu kuliko kupanga chumba

Watu wakijua kwamba niliwahi kulala nje, swali lao la kwanza huwa njaa. Ulikuwa unakula nini? Wanauliza kwa huruma, na nawaelewa, maana njaa kila mtu anaijua, hata kama ni ya mfungo wa siku moja. Jibu langu huwaacha wameduwaa kidogo. Kariakoo hufi njaa kirahisi. Kuna ukoko wa wali kwa mama ntilie, kuna maembe yaliyobonyea yanayotupwa sokoni jioni, kuna sadaka za Ijumaa. Kilichokuwa kinatumaliza ni usingizi.

Nilifikaje pale? Kwa kifupi tu, maana hakuna la ajabu. Nilitoka Mpwapwa nikafikia kwa binamu yangu Buguruni, nikapata kibarua cha kushusha mizigo kwenye godauni moja Gerezani. Kibarua kikaisha, binamu akaoa, chumba ni kimoja na sisi tuko watatu. Hakunifukuza. Alianza tu kuniuliza kila jioni, "Leo umepata chochote?" Shemeji naye akawa anapika na kuosha vyombo kabla sijarudi. Mtu mzima haambiwi mara mbili. Nikaaga kwamba nimepata kazi ya kulala hukohuko, nikaondoka na begi langu. Ilikuwa mwishoni mwa 2019, vuli ile iliyonyesha mpaka watu wakawa wanauliza kama masika yamekosea njia. Kijijini sikurudi kwa sababu nauli sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, mama alishawatangazia watu wote kwamba mwanawe yuko Dar na ana kazi.

Ukipita Kariakoo mchana unadhani baraza la duka ni la kila mtu. Usiku lina mwenyewe. Maduka ya Mtaa wa Swahili na Aggrey yakishafungwa, mlinzi anakuja na kiti chake, redio na chupa ya chai, na kuanzia hapo baraza lote ni himaya yake mpaka asubuhi. Wetu alikuwa mzee mmoja wa Newala. Alitoza shilingi 500 kwa kichwa. Ukikosa, unahama. Simlaumu hata leo. Mshahara wake ulikuwa wa kuhurumiwa, na tajiri akikuta watu wamelala mlangoni kwake anayepoteza kazi ni mzee. Kwa hiyo saa kumi na nusu alfajiri anatugonga miguu na rungu, taratibu, mmoja mmoja, na saa kumi na moja anamwaga ndoo ya maji barazani kuondoa ushahidi. Huku mwanzoni mwa usiku nako hulali kabla ya saa sita, kwa sababu malori yanashusha, guta zinapishana, makuli wanaimbiana. Ukitoa hapo unabaki na saa nne na nusu, na hizo zenyewe hazitimii.

Godoro la heshima ni boksi la friji. Boksi la biskuti au la sabuni halikufiki hata magotini, na saruji inanyonya joto la mwili usiku kucha, hata Februari ambapo jiji zima linalalamika joto. Inabidi zilale safu mbili. Shida ni kwamba maboksi nayo yananunuliwa kwa kilo, kwa hiyo godoro lako wewe ni mlo wa kesho wa mwenzako, na hapo ugomvi hauko mbali. Viatu unavifunga kamba pamoja unavilalia shingoni. Simu inaingia ndani ya bukta. Hela inakaa kwenye soksi, na soksi iko mguuni, na bado kuna wembe wa mtu usiyemjua utaipata. Ndiyo maana sikio moja halilali. Mvua ikipiga kwa upande mnabanana ukutani, mnalala mzungu wa nne, miguu ya mtu usoni kwako. Ikizidi, mnasimama. Desemba ile tulisimama sana.

Baada ya wiki kadhaa za hivyo unaanza kuona watu wakibadilika. Mtu anaitwa jina lake mara tatu ndipo ageuke. Watu waliokuwa wanachekeshana wanashikana mashati kwa shilingi 50. Unaagizwa mzigo wa Magomeni, ukifika kona ya Msimbazi hukumbuki kama ulisema Magomeni au Mwananyamala. Halafu mtu mwenye kitanda anakutazama anasema, hawa ndiyo akili zao zilivyo.

Kulikuwa na kijana tukimwita Singida, kwa sababu ndiko alikotoka. Ana nguvu, mwaminifu, anajua kuhesabu haraka. Dada mmoja mwenye duka la vitenge alimpenda kwa kuwa hakuwahi kupunguza hata kipande kwenye mizigo yake, akampa kazi ya ndani: kukaa stoo, kupanga majora, kuandika kinachotoka. Shilingi 7,000 kwa siku na chakula cha mchana juu yake. Pale barazani tulifurahi kama tumeoza mtoto. Mmoja alimpa shati lake la mikono mirefu, mzee wa Newala akamsamehe 500 ya usiku ule.

Siku ya kwanza ikapita vizuri. Usiku wake mvua ikatusimamisha karibu mpaka adhana. Siku ya pili, baada ya ugali wa mchana, dada akapanda stoo kutafuta rangi fulani, akamkuta Singida amelala juu ya majora, mdomo wazi, daftari kifuani. Nilikuwa chini nasubiri mzigo. Dada hakupiga kelele. Alimlipa hela yake ya siku, akamwambia asante, nenda kapumzike. Alipoondoka akamgeukia jirani wa duka la pili akasema, "Hawa watoto unawasaidia, lakini kazi hawaitaki."

Singida hakujitetea. Angesema nini? Akisema usiku hakulala kwa sababu ya mvua, ameshajulikana kwamba analala nje. Na nani anamwachia mtu wa kulala nje stoo ya vitenge?

Nimesimulia kisa hiki mara nyingi kwa watu wanaoamini kwamba mtu wa barabarani anahitaji kufundishwa kufanya kazi. Kazi alikuwa nayo, tena ya kivulini. Alichokosa ni mahali pa kulala ili aweze kuifanya. Hapo wengi hubadilisha mazungumzo.

Twende chooni, kwa sababu ndiko hela inakoishia. Choo cha kulipia kilikuwa shilingi 300. Kuoga 500, ndoo moja ya maji, sabuni yako. Mtu mzima anahitaji choo zaidi ya mara moja kwa siku, sijui kama hilo linahitaji utafiti. Usiku kinafungwa, inabaki mtaro na giza, na mgambo akikukuta hapo unalipa kuliko bei ya choo. Kwa wanaume tulijibanza tukapita. Kulikuwa na dada aliyekuwa akiuza karanga karibu yetu, usiku analala kwenye mabenchi ya nje ya hospitali moja, anajifanya ana mgonjwa wodini. Aliniambia kwamba tangu alasiri hanywi maji kabisa. Jua la Dar es Salaam, amezunguka na sinia la karanga kutwa nzima, na akisikia kiu saa kumi jioni anafumba mdomo, kwa sababu maji ya jioni ni safari ya chooni usiku wa manane, na safari hiyo kwa mwanamke peke yake ina mambo yake. Kila mara alikuwa na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Akienda kupima, daktari anamwambia anywe maji mengi. Siku zake zikifika haendi kazini kabisa, maana pedi anaweza kujinyima akanunua, lakini pa kubadilishia ni palepale pa 300, mara nne kwa siku, na karanga anaziacha na nani?

Mambo yakawa mepesi kwa muda mwaka 2020, na sababu yenyewe inachekesha. Machi 16 ilitangazwa kwamba Corona imeingia nchini, na ndani ya siku chache kila duka, kila benki, kila kituo cha daladala kina ndoo ya koki na sabuni mlangoni. Nawa mikono! Sisi tukanawa mikono, uso, kwapa, miguu, na ukiwahi alfajiri kabla wenye maduka hawajafika unafua hata soksi. Wakati mji mzima una hofu, sisi ndio tulikuwa wasafi kuliko wakati wowote. Nilipata vibarua viwili vya maana kipindi kile kwa sababu tu sikuwa nanuka. Kisha hofu ikapungua, ndoo zikabaki kavu milangoni, baadaye zikaondoka.

Cha mwisho katika matumizi ni begi. Ukienda kuomba kazi na begi mgongoni umejitangaza. Mtu anakutazama begani kabla hajakutazama usoni. Ukiliacha barazani hulikuti. Mimi nilikuwa namwachia kijana wa kuchaji simu, shilingi 500 kwa siku, na ndani yake mlikuwa na suruali moja, mashati mawili, cheti cha darasa la saba na cha kidato cha nne kwenye mfuko wa nailoni.

Sasa piga hesabu. Mlinzi 500. Choo mara mbili 600. Kuoga 500. Begi 500. Jumla 2,100 kwa siku, kabla sijatia kitu mdomoni. Kwa mwezi ni 63,000. Wakati huohuo vyumba vya Tandale na Manzese vya 40,000 kwa mwezi vilikuwepo, vyenye mlango, choo cha uani na bomba. Kila nikiifanya hesabu hiyo nilikuwa napandwa na hasira, kwa sababu nilikuwa nalipa zaidi ya mpangaji na bado silali.

Kwa nini basi sikupanga? Anayejua nyumba za Dar anajua jibu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Kwa chumba cha 40,000 hiyo ni 280,000 kwa mkupuo. Mtu anayepata 5,000 leo, 3,000 kesho, keshokutwa hakuna, anaikusanya wapi 280,000, na anaiweka kwenye soksi ipi?

Simu ingeweza kusaidia, maana siku hizi simu ndiyo benki ya wengi. Lakini laini zilikuwa zimeanza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kuanzia Januari 20, 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mimi namba nilikuwa nayo. Singida hakuwa nayo. Alikwenda kuomba barua ya utambulisho serikali ya mtaa, akaulizwa maswali ya kawaida kabisa: unaishi nyumba namba ngapi, mwenye nyumba nani, mjumbe wako anakufahamu? Aliyemuuliza hakuwa mbaya, alikuwa anajaza fomu. Singida akarudi barazani. Laini ikazimwa, na kwa kuwa waliokuwa wakimwita kubeba mizigo walikuwa wanampigia, kazi nazo zikapungua. Jambo moja likikosekana linaondoka na la pili, la pili linaondoka na la tatu, na ukiwa ndani yake hujui uanzie wapi kukamata.

Kuhusu chakula nilisema hufi njaa, sikusema unakula vizuri. Kwanza kila kitu unanunua kwa kipimo kidogo, na kipimo kidogo ndicho ghali. Mwenye jiko ananunua kilo ya mchele anakula siku mbili. Wewe hela ileile inaisha kwa sahani moja na kipande cha tikiti. Pili, unakula chakula kikiwepo, si ukisikia njaa. Ijumaa ombaomba na sisi wengine tulijipanga kwenye maduka ya mjini na nje ya misikiti. Ijumaa ilikuwa siku ya kushiba mpaka tumbo linauma. Jumanne ni chai ya rangi na mhogo wa kukaanga. Ramadhani ile, iliyoangukia Aprili na Mei, tulifuturu vizuri, Waislamu na tusio Waislamu, na hakuna aliyeulizwa dini yake kwenye jamvi. Hilo nalikumbuka kwa shukrani.

Kula kwa namna hiyo kunaonekana ubaya wake mtu akiugua. Jirani yangu wa boksi alishikwa na malaria masika. Akapimwa zahanati, akapewa dawa mseto. Kwa mtu mzima dozi ni vidonge ishirini na vinne: vinne kwa mara moja, mara sita ndani ya siku tatu, na mara ya pili inafuata zikishapita saa nane tangu ya kwanza. Tena utumie na chakula, hasa chenye mafuta kidogo, ndipo dawa iingie mwilini sawasawa. Muuguzi alimweleza vizuri sana. Vya kwanza alimeza saa kumi na mbili jioni kwa chapati niliyomnunulia. Vya pili viliangukia saa nane usiku. Hatuna saa, simu haina chaji, maji hakuna, chakula hakuna, na mtu anatetemeka juu ya boksi. Tulimwamsha tulipokisia, akameza vinne vikavu kwa mate, akatapika. Siku ya pili alipata nafuu kidogo, akasimamisha dozi na kuvikunja vilivyobaki kwenye karatasi, akavihifadhi kwa homa ijayo. Muuguzi akijua atasema wagonjwa hawafuati maelekezo, na atakuwa sahihi.

Halafu kuna kukamatwa. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, zina vifungu vya 176 na 177 vinavyomhusu mzururaji na mtu asiye na njia ya dhahiri ya kujipatia riziki. Vimerithiwa kutoka kwa Waingereza. Mzee mmoja wa mkokoteni alituambia kwamba kwake hiyo si habari. Mwaka 1983, enzi za kampeni ya Nguvu Kazi, alizolewa mitaani akarudishwa kijijini kwenda kulima, akalima msimu mmoja, akarudi palepale na mkokoteni. Sisi tulichukuliwa kwenye msako usiku mmoja, tukalala rumande, asubuhi tukaachiwa bila kufikishwa popote. Nitasema jambo la aibu: watu walilala. Kulikuwa na paa. Lakini tulipotoka, kila mtu alikuwa amepoteza kibarua cha siku ile, na wawili walikuta mabegi yao hayapo.

Desemba 4, 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapahapa kwetu Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Mawakili wa PALU, Umoja wa Mawakili wa Afrika, ndio waliopeleka ombi. Nilikuwa nimeshaacha kulala nje wakati huo. Niliisoma habari ile taratibu, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuona watu wa majoho wanasema kwamba kukosa pa kulala hakumfanyi mtu mhalifu.

Swali la pili ambalo watu huniuliza, baada ya njaa, ni kwa nini hatukuweka akiba kidogokidogo. Hapa lazima nieleze kichwa kinavyokuwa. Ukiwa pale, kesho haipo. Sisemi kwa kukata tamaa, nasema kwa maana ya kazi: asubuhi akili yote iko kwenye 300 ya choo. Ukiipata, iko kwenye chai. Mchana iko kwenye mzigo, jioni kwenye 500 ya mzee. Mtu akikuambia habari za mwezi ujao unamsikia, unaitikia, na maneno hayashiki. Baadaye sana nilikuja kusoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Science, uliofanywa kwa wakulima wa miwa Tamil Nadu, India. Wakulima 464 walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa wameishiwa, na tena baada ya mavuno, wakiwa na hela. Ni watu walewale, lakini wakiwa wameishiwa walifanya vibaya zaidi, na watafiti wakalinganisha mzigo huo wa akili na kukesha usiku mzima bila kulala. Nilicheka peke yangu. Sisi tulikuwa hatuna hela na tumekesha.

Kwa hiyo nilipokuja kuweka akiba, haikuwa kwa sababu nilipata busara. Niliweka kwa sababu mama ntilie mmoja wa Mtaa wa Sikukuu aliniamuru. Nilikuwa namchotea maji na kumwashia moto alfajiri, kwa kuwa saa kumi na nusu niko macho hata hivyo, na siku moja akasema, "Mwanangu, hela yako sikupi mkononi. Nakupa chakula, 2,000 nakaa nayo mimi." Nikasema sawa mama, bila kufikiri, nilivyokuwa nasema sawa kwa kila kitu. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga kwa ajili yangu, na karatasi ndani yake yenye mistari ya peni. Niliwahi kumwomba anitolee nusu yake, akanifukuza na mwiko.

Kopo lilipofika mahali akaongea na mama mmoja wa ukoo wake mwenye nyumba Tandale kwa Mtogole. Akakubali miezi mitatu badala ya sita, na dalali hakuwepo. 120,000, tukagawana mimi na kijana mwingine wa pale barazani. Ndivyo nilivyotoka. Nikisikia watu wananisifu kwa juhudi huwa nawaachia waendelee, lakini juhudi niliyokuwa nayo Tandale ndiyo ileile niliyokuwa nayo Aggrey. Kilichobadilika ni mtu wa kunishikia hela na mwenye nyumba aliyelegeza masharti. Wiki za mwanzo sikufanya chochote cha maana. Nilirudi kutoka kibaruani saa kumi na mbili, nikafunga komeo, nikalala. Mwenzangu alikuwa anaamka usiku kulijaribu komeo. Baada ya mwezi mmoja hivi nikaanza kukumbuka majina ya watu, na utani ukarudi. Kazi ya wakala wa mizigo ya mikoani niliyonayo sasa niliipata mwaka huohuo, kwa sababu nilikuwa na anwani, nafika saa kumi na mbili asubuhi, na kichwa kiko kichwani.

Miaka ya karibuni nilihudhuria semina ya vijana kuhusu ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mwezeshaji alichora piramidi ya mahitaji ya Maslow: chini chakula na malazi, katikati upendo na kuheshimiwa, juu kabisa kujitambua. Akasema mtu hapandi ngazi ya juu kabla hajamaliza ya chini. Nilinyoosha mkono nikamwambia kwamba pale Aggrey hatukuzipanga hivyo. Mtu alikuwa anatoa 300 yake ya choo kumnunulia mwenzake sigara kwa sababu mwenzake amepata habari ya msiba. Jirani yangu mwenye malaria hakukubali nimpigie kaka yake, aliona heri afe kuliko kaka ajue. Heshima haikusubiri tushibe. Mwezeshaji alikuwa muungwana, akasema ni hoja nzuri, kisha akaendelea na masharti ya mkopo: kikundi kisajiliwe, kiwe na akaunti ya benki, wanachama wawe wakazi wanaotambulika mtaani. Nikamfikiria Singida kwenye kila sharti.

Singida bado yuko nje. Soko kuu lilipoungua Julai 2021 mizigo ya upande wake iliyumba, akaingia kwenye umachinga wa soksi, na Oktoba mwaka huohuo machinga wakaondolewa kandokando ya barabara. Alipopelekwa wateja hawakumfuata. Namba ya NIDA alikuja kuipata, kwa barua iliyosema anaishi kwangu, jambo ambalo ni kweli kwa namna fulani. Nimemwambia aje tulale wote, chumba sasa ni changu peke yangu. Hataki, anasema hawezi kuwa shemeji wa mtu tena, nami najua anasema nini kwa kuwa ndilo nililolikimbia Buguruni. Mwezi uliopita alinifuata ofisini, nikadhani anataka hela ya kula, nikaingiza mkono mfukoni. Akatikisa kichwa. Alitaka kuniachia begi.

Liko chini ya kitanda. Jumapili anakuja, anaoga, anafua, anabadili nguo, anachukua usingizi wa mchana mpaka saa kumi na moja, halafu anaondoka. Mama mwenye nyumba ameshaniuliza mara mbili ni nani huyo anayemaliza maji ya tangi kila Jumapili, na wiki hii ameongeza kwamba bili ijayo atagawa kwa vichwa. Nimemwambia sawa mama, chumba changu kihesabu vichwa viwili.